Asumini ya Pate: Ua lisilo na mbegu, linaloishi kwa mkono wa mtu

BOTI za abiria zitokazo mji wa Lamu kuelekea kisiwa cha Pate hupita mkondo wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, kisha hufika Mtangawanda. Hapo hushuka wasafiri wa mji wa Pate, ambao huwabakia mwendo wa takribani saa moja kwa miguu, na hapo hushuka magunia ya unga, mitungi ya gesi na mabati. Mzigo mdogo kuliko yote unaoweza kushushwa katika gati hiyo ni kipande cha tawi, urefu wa kiganja, kilichoviringwa kwa kitambaa kibichi. Kikifika salama na kupandwa vyema, kipande hicho huwa mwasumini, na mwasumini mmoja hutosha kunukisha ua mzima wa nyumba.

Mmea huo una tabia moja ambayo wengi wanaoupenda hawaifikirii. Asumini inayopandwa katika pwani ya Afrika Mashariki ni nadra mno kuzaa mbegu. Ndege hawaisambazi, upepo hauipeperushi, wala haichipui yenyewe porini. Kila mwasumini ulioko Pate, Siyu, Faza au Lamu ulitokana na tawi lililokatwa kwa mwasumini mwingine, nao huo ulitokana na mwingine kabla yake. Mnyororo huo umeshikwa kwa mikono ya watu, na kwa sehemu kubwa ni mikono ya wanawake. Ukikatika katika kijiji, hakuna njia ya ua hilo kurejea ila mtu alilete tena.

Makala haya yanaeleza asili ya ua hilo, nafasi yake katika maisha ya Waswahili wa visiwa vya kaskazini, na namna ya kulipanda, kulitunza na kulichuma.

Ua lenyewe

Asumini inayozungumziwa hapa ni ile ambayo wataalamu wa mimea huiita Jasminum sambac. Imo katika jamii moja na mzeituni. Carl Linnaeus, bingwa wa Uswidi aliyeweka utaratibu wa kuipa mimea majina, aliiandika mwaka wa 1753 akidhani ni ya kundi jingine. William Aiton wa bustani ya Kew, Uingereza, ndiye aliyeihamishia katika kundi la asumini mwaka wa 1789.

Mwasumini ni kijiti chenye matawi membamba ambayo hutambaa yakipata pa kushika na huinama yasipopata. Kwa kawaida hufikia urefu wa mtu au zaidi kidogo. Majani yake ni ya kijani kilichokolea, yana mng'aro, na hukaa mawilimawili yakielekeana. Maua ni meupe na hutoka kwenye ncha za matawi machanga, mara nyingi matatu kwa pamoja. Sifa hiyo ya kutoa maua kwenye matawi machanga ndiyo ufunguo wa utunzaji wote, kama itakavyoonekana mbele.

Zipo aina kadhaa. Ile ya kawaida ina petali chache zilizopangika kwa safu moja au mbili. Ipo nyingine yenye petali nyingi zilizosongamana hata ua likafanana na waridi dogo. Hiyo ni nzito na hupendeza kwa macho, lakini hutoa maua machache na hukua polepole. Wazungu huiita kwa jina la Mtawala Mkuu wa Toscana, nchi iliyokuwa Italia ya leo. Husimuliwa kwamba mtawala mmoja wa nasaba ya Medici aliipanda bustanini mwake mwishoni mwa karne ya 17 na akakataza kabisa mtu yeyote kupewa hata kijitawi. Katazo kama hilo lilikuwa na maana kwa sababu mmea usio na mbegu huweza kufungiwa na mtu mmoja. Kwa bahati njema ya wapenda maua, huweza pia kugawiwa na mtu mmoja.

Maua hufunguka jioni. Matumba huanza kuvimba alasiri, hupasuka baada ya jua kuchwa, na harufu hukolea usiku. Kufikia asubuhi ya pili petali huanza kulegea na kuingia rangi ya waridi hafifu au zambarau, na harufu hupungua. Katika maeneo asilia ya jamii hii, nondo na wadudu wengine wa usiku ndio wanaovutwa na weupe na manukato hayo. Katika kiwanda cha nyumba ya Pate, anayevutwa ni mwenye nyumba.

Safari yake hadi pwani

Kwao asumini hii ni Asia ya Kusini, katika upande wa India na miteremko ya Himalaya. Kutoka huko ilisambazwa na wanadamu mashariki na magharibi kwa muda mrefu hata ikawa vigumu kuitenganisha na mila za nchi ilikofika. Ufilipino iliitangaza kuwa ua la taifa mwaka wa 1934. Indonesia nayo iliipa heshima kama hiyo kwa agizo la rais la mwaka wa 1993. Nchini China, matumba yake huchanganywa na majani ya chai usiku ili chai inyonye harufu yanapofunguka, kisha maua huondolewa.

Kwa upande wa magharibi ilivuka hadi Bara Arabu. Waarabu wa Yemen huiita full, na jimbo la Lahij, karibu na Aden, limepata sifa kwa maua hayo ambayo hutungwa makoja na kuuzwa mabarabarani. Jina tunalolitumia sisi, asumini au yasmini, limetokana na neno la Kiajemi lililopitia Kiarabu. Njia ya jina na njia ya mmea hazitofautiani sana na njia ya majahazi. Visiwa vya Lamu vilifanya biashara na India, Ghuba na Hadhramaut kwa karne nyingi kwa kufuata pepo za kaskazi na kusi, na wageni kutoka pwani hizo walihamia na kuoana na wenyeji. Tawi lililotunzwa kwenye unyevu huweza kustahimili safari ya siku kadhaa, na mche uliokwisha kutia mizizi katika chungu huweza kuvuka bahari.

Katika kiwanda na katika vazi

Nyumba za mawe za Lamu na Pate zilijengwa zikielekea ndani. Kwa nje ni kuta tupu na daka la kupokelea wageni. Ndani mna kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, unaoleta mwanga na hewa kwenye vyumba. Hapo ndipo mahali pa asili pa mwasumini: una ukuta wa kuegemea, una kivuli cha mchana, na uko karibu na birika la maji. Harufu yake huingia vyumbani pamoja na upepo wa usiku.

Manukato yalikuwa, na bado ni, sehemu ya adabu ya nyumba. Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate aliyeolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, alimwachia bintiye utendi mashuhuri wa mwaka wa 1858. Miongoni mwa mawaidha yake kuhusu maisha ya ndoa ni kutoacha kujipamba na kujitia marashi, dalia na hina. Kwa mama huyo, kunukia ni alama ya utu na ya kujiheshimu, nalo ni jambo la kila siku.

Kifaa kinachobeba asumini hadi mwilini ni kikuba. Hicho ni kishada kidogo cha maua na majani yenye harufu, kinachofungwa pamoja na kuvaliwa na wanawake kifuani, shingoni au nyweleni. Ndani yake huingia asumini, majani ya mrehani, vipande vya mkadi na petali za waridi, na pengine hunyunyiziwa marashi. Fundi wa vikuba hujua kipimo. Mrehani ukizidi huifunika asumini, na mkadi ukizidi huumiza kichwa.

Asumini pia hutungwa koja kwa uzi na sindano, hupambwa kichwani kwa bibi arusi, na hutawanywa juu ya kitanda cha maarusi. Katika shughuli za Maulidi, ambazo Lamu imejulikana nazo kote Afrika Mashariki, harufu ya maua huchanganyika na ya udi na ya marashi yanayorushwa kwa mrashi. Kwa hiyo mwenye mwasumini mkubwa kijijini ana jambo la kuwapa jirani zake katika siku zao za furaha.

Kila nchi na ua lake la msimu

Watu wa nchi za baridi wana maua wanayoyasubiri kama sisi tunavyoisubiri asumini. Katika milima ya Alps barani Ulaya huota primula, kimmea kifupi ambacho hukaa kimya wakati wa theluji na kutoa maua mara baridi inapolegea. Wapenzi wa bustani Uingereza wamekuwa wakiyafuga maua hayo katika vyungu kwa karne kadhaa, wakiyakinga na mvua na kuyaonyesha katika mashindano.

Mwambao wa Kenya hauna theluji, lakini una kipindi chake cha kusubiri. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Jua huwa kali, visima hupungua na mimea husinyaa. Kisha huja masika, ambayo katika visiwa vya Lamu hukolea Aprili na Mei, Mei ikiwa ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi. Mwasumini uliopogolewa na kutiwa mbolea kabla ya mvua hizo huchipua kwa kasi, na matumba hufuata kwenye machipukizi. Mzao mwingine mdogo huweza kupatikana baada ya vuli, mwezi Novemba. Mmea unaomwagiliwa mwaka mzima hutoa maua kidogo kidogo kila mwezi, lakini mfuriko mkubwa wa maua hufuata mvua.

Kupanda

Njia ya kawaida ni kupanda kipande cha tawi. Tawi linalofaa ni lile lisilo changa sana wala kongwe: limeanza kukakamaa lakini bado linapindika. Hukatwa kipande cha sentimita 15 hadi 20 chenye vifundo vitatu au vinne, chini kidogo ya kifundo. Majani ya chini huondolewa yote, na ya juu huachwa mawili, ambayo hukatwa nusu ili yasipoteze maji mengi.

Kipande hicho huchomekwa katika mchanga uliochanganywa na mboji, vifundo viwili vikiwa chini ya udongo. Chombo chochote chenye tundu la kutolea maji kinafaa: kopo, chungu kilichopasuka au kifuu kikubwa. Huwekwa kivulini na kuwekwa unyevu, bila kuloweshwa mno. Baada ya majuma manne hadi sita mizizi huwa imetoka. Dalili yake ni jani jipya, na mtu asikivute kipande ili kuhakikisha, kwa maana mizizi michanga hukatika upesi. Kwa tahadhari hupandwa vipande vitano kwa ajili ya mche mmoja unaotakiwa.

Njia ya pili ni kulaza tawi. Tawi la chini huinamishwa bila kukatwa, sehemu yake moja hukwaruzwa gome kidogo na kufukiwa, na jiwe likawekwa juu yake. Likitia mizizi, hutenganishwa na mama. Njia hii huchukua muda zaidi lakini haipotezi mche kwa urahisi, kwa hiyo inamfaa mwenye tawi moja tu la aina adimu.

Wakati bora wa kuhamishia mche ardhini ni mwanzo wa masika. Shimo la sentimita 45 kwenda chini na upana kama huo linatosha. Mahali pawe na jua la angalau nusu siku. Mwasumini uliowekwa kivulini hukua majani tele na maua haba. Pia pawe pamekingwa na upepo wa bahari, ambao hubeba chembe za chumvi na kuunguza ncha za majani. Ikiwa inapandwa miche kadhaa, iachiane mita moja na robo hadi mita moja na nusu.

Mchanga, mawe ya matumbawe na maji

Katika lahaja za kaskazini mtanga ndio mchanga, na jina lenyewe la Mtangawanda linaanza na neno hilo. Udongo wa sehemu nyingi za visiwa hivi ni mchanga, au ni tabaka jembamba juu ya miamba ya matumbawe. Mchanga haushiki maji wala rutuba. Matumbawe nayo yana chokaa, na asumini haipendi chokaa nyingi, kwa kuwa huuzuia mmea kufyonza madini ya chuma. Matokeo yake ni majani kuwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Wengi wanaoona hali hiyo hudhani mmea una kiu, wakaongeza maji, na hali ikazidi.

Tiba ni kubadilisha udongo ndani ya shimo. Nusu ya kilichochimbwa hutupwa na badala yake hutiwa samadi iliyooza vizuri, mboji ya majani na udongo mwekundu au mweusi ukipatikana. Samadi ya punda haikosekani katika visiwa ambako mnyama huyo bado ni mchukuzi mkuu, lakini isitumiwe mbichi, kwani huunguza mizizi. Ilazwe kwa miezi mitatu au minne kwanza. Ambaye nyumba yake imesimama juu ya mwamba na apande katika chungu kikubwa au pipa lililokatwa nusu. Mwasumini huishi katika chombo kwa miaka mingi mradi ubadilishiwe udongo wa juu kila mwaka.

Tatizo kubwa zaidi ni maji. Visima vingi vya kisiwa cha Pate vina maji ya chumvichumvi, hasa kaskazi inapoendelea, na asumini ni miongoni mwa mimea isiyovumilia chumvi. Majani hukauka kuanzia ukingoni, matumba huanguka kabla ya kufunguka, na hatimaye mmea hufa. Wakazi wa kisiwa hicho tangu zamani wamekinga mvua kwa majabia, yaani mabirika yaliyojengwa ardhini pamoja na sakafu ya kukusanyia maji. Hata hivyo maji ya jabia kwanza ni ya kunywa na ya kupikia, na hakuna anayeweza kulaumiwa kwa kumnyima ua maji hayo ili mtoto anywe.

Kwa hiyo utunzaji wa mwasumini katika visiwa hivi ni elimu ya kubana maji. Maji yaliyooshewa mchele, na maji ya kutawadhia ambayo hayakuingia sabuni, hukingwa katika beseni na kumwagwa shinani. Shina huzungushiwa matandazo ya makumbi ya nazi au majani makavu ili jua lisikaushe udongo. Umwagiliaji hufanywa jioni, na hufanywa tu ikiwa kidole kikiingizwa udongoni hadi kifundo cha pili hakikuti unyevu. Ikiwa maji ya kisima hayaepukiki, yachanganywe na ya mvua, na masika yakija chungu kiwekwe nje ili mvua ioshe chumvi iliyojikusanya.

Kupogoa na kurutubisha

Mwasumini usiopogolewa huzeeka kwa ndani: huwa kichaka cha vijiti vikavu chenye maua machache ya juu. Kwa kuwa maua hutoka kwenye matawi machanga, asiyekata hapati.

Mpogoo mkubwa hufanywa mara moja kwa mwaka, katika majuma ya mwisho ya kaskazi, kabla mvua hazijaanza. Matawi yaliyokufa na dhaifu huondolewa yote, na yaliyo hai hupunguzwa hadi nusu au theluthi ya urefu wake. Siku chache kabla ya kukata, maji hupunguzwa ili mmea upumzike. Baada ya kukata, udongo hupaliliwa kidogo, samadi iliyooza hutandazwa kuzunguka shina bila kuligusa, na maji hurudishwa. Aidha, kila baada ya mzao wa maua ncha hukatwa kidogo, na machipukizi mapya huleta matumba mengine. Matawi yanayokatwa yasitupwe, kwani hayo ndiyo miche ya jirani.

Wadudu na maradhi

Adui wa kwanza ni kiwavi mdogo anayetoboa matumba na kuyala kwa ndani. Tumba lenye tundu halifunguki, na dawa yake ni kulichuma mara moja na kuliharibu kabla kiwavi hajaanguka udongoni kugeuka nondo. Adui wa pili ni utitiri, wadudu wadogo mno wanaokaa chini ya majani wakati wa kiangazi na kuyaacha na madoa ya vumbi; hupungua majani yakirushiwa maji kwa nguvu upande wa chini. Wa tatu ni wadudu weupe wenye unga kama pamba, ambao hufuatana na sisimizi kwa sababu ya utamu wanaoutoa. Hao hupanguswa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni hafifu, kisha mmea ukaoshwa kwa maji safi.

Dawa kali za mashambani hazifai. Ua hili huvaliwa nyweleni, huwekwa mtoni na hushikwa na watoto, na sumu iliyopulizwa asubuhi huwa bado iko petalini jioni.

Maradhi ya mizizi huja pale maji yanaposimama. Mche unaonyauka ilhali udongo ni majimaji unahitaji kung'olewa, kukatwa mizizi iliyooza na kupandwa upya mahali penye kichanga zaidi.

Kuchuma na kuhifadhi

Anayesubiri ua lifunguke ndipo achume huwa amechelewa. Tumba huchumwa alasiri, likiwa limejaa, limekuwa jeupe kabisa na bado limefumba. Tumba lenye rangi ya kijani halitafunguka likishakatwa. Huchumwa pamoja na kikonyo kifupi, kwa kucha, bila kulivuta tawi. Kisha hutandazwa juu ya kitambaa kibichi au jani la mgomba mahali pa baridi. Kufikia magharibi matumba yaliyotungwa koja huanza kufunguka yakiwa tayari yamevaliwa, na hapo ndipo harufu yake huwa bora.

Maua yasirundikwe katika mfuko wa plastiki, kwani hutoa joto na kugeuka rangi ya kahawia kwa muda mfupi. Yanayobaki huwekwa katika kisahani cha maji kando ya kitanda, au hufukiwa kati ya nguo sandukuni kwa usiku mmoja.

Jamaa zake wa kikuba

Mwasumini hausimami peke yake bustanini. Mrehani hupandwa kwa mbegu, hukua haraka, hustahimili jua na hufaa kuanza nao kwa asiye na uzoefu. Mkadi ni mti wa pwani wenye majani marefu ya miiba. Maua ya mti dume ndiyo yanayonukia. Mlangilangi ni mti mkubwa wa asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, ambao mafuta ya maua yake yamekuwa zao maarufu la biashara Komoro.

Anayestahili heshima ya pekee ni mkilua. Huu ni mti mdogo wa misitu ya mwambao wa Kenya na Tanzania, wa jamii ya mstafeli, ambao maua yake yenye harufu nzuri, kilua, yametumiwa na wanawake wa pwani kwa vizazi. Mwaka wa 1970 mtaalamu wa mimea wa Kew, Bernard Verdcourt, alipouandika kisayansi alilichukua jina la Kiswahili jinsi lilivyo na kuufanya kundi zima: Mkilua fragrans. Ni mmea wa pekee katika kundi hilo. Tofauti yake na asumini ni kwamba mkilua una kwao hapa hapa na huzaa mbegu. Msitu wa pwani ukibaki, mkilua hubaki. Asumini haina msitu wa kurudia.

Kiwanda kisicho na mtu

Mshairi Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, utungo wa mwanzoni mwa karne ya 19, aliomboleza kuanguka kwa fahari ya Pate. Miongoni mwa anayoyaonyesha ni viwanda vya nyumba za mabwana vikiwa vimegeuka mwitu. Msomaji anayeijua asumini anaweza kuongeza jambo moja: mwitu huo haukuwa na asumini kwa muda mrefu. Mmea wa kiwandani, ukikosa wa kuumwagilia maji kaskazi mbili tatu, hukauka, na vichaka visivyohitaji mtu hushika nafasi yake.

Hatari ya leo haitokani na vita wala kuanguka kwa dola. Hutokana na mambo madogo: manukato ya chupa ambayo hayahitaji maji, maua ya plastiki yasiyonyauka, viwanda vinavyoezekwa ili kuongeza chumba, na vijana wanaohamia Mombasa au Nairobi na kuwaachia wazee kazi ya kuteka. Hakuna lililo kosa katika hayo. Lakini mmea usio na mbegu hauna akiba. Zao lenye mbegu huweza kukaa ghalani likisubiri mtu alikumbuke. Asumini husubiri kwa muda tu ambao tawi hukaa bichi.

Kinga yake, kwa bahati, ni rahisi na haina gharama. Kila apogoaye agawe matawi. Kila nyumba yenye mche mmoja ihakikishe nyumba nyingine mbili zina mche wa asili hiyo hiyo, na ikiwezekana mmoja uwe ng'ambo, Lamu au bara, ili kaskazi kali ikiua wa hapa, wa kule urudishwe. Ndiyo maana kijitawi kilichoviringwa kitambaa, kikishushwa Mtangawanda kati ya magunia na mabati, si mzigo wa kudharauliwa. Kwanza kitafutiwe kivuli, kisha kata moja ya maji baridi.